Ubongo wa Mgonjwa wa Klasta Umeshapigwa Picha, Sasa Apewe Oksijeni

Mwaka 1998 watu tisa walikubali kuletewa kwa makusudi maumivu waliyokuwa wakiyaogopa kuliko kitu kingine chochote. Walivuta nitrogliserini, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa moyo, ambayo tangu zamani ilijulikana kuamsha maumivu ya kichwa ya aina yao. Kisha wakalala ndani ya mashine ya PET, ya kupiga picha za ubongo, na kusubiri. Maumivu yalipofika walitakiwa watulie tuli, ilhali ugonjwa wenyewe ni ule usiompa mtu nafasi ya kutulia hata dakika moja. Arne May, Peter Goadsby na wenzao wa London walichapisha matokeo katika jarida la The Lancet mwezi Julai mwaka huo. Wakati wa shambulio, sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo, kwenye haipothalamasi, upande uleule unaouma, ilikuwa ikifanya kazi kupita kawaida. Wagonjwa wengine wanane wa ugonjwa huohuo, waliokuwa nje ya msimu wao wa kuumwa, walipewa dawa ileile. Kichwa hakikuja, na sehemu hiyo haikuwaka.

Haipothalamasi haizidi sana ukubwa wa kokwa ya korosho, lakini majukumu yake ni makubwa: joto la mwili, njaa, kiu, homoni, na ile saa ya ndani inayompangia mtu muda wa kulala na wa kuamka. Mwaka 1999 kikundi hichohicho kilichapisha kazi nyingine katika Nature Medicine, safari hii kikiangalia umbo la ubongo. Picha za MRI za wagonjwa 25 zililinganishwa na za watu 29 wasio na ugonjwa. Ile sehemu ya kijivu ya ubongo, yenye miili ya seli za neva, ilikuwa imeongezeka kwa wagonjwa, na imeongezeka mahali palepale palipowaka mwaka uliotangulia. Kabla ya hapo ilifundishwa kwamba ubongo wa mgonjwa wa aina hii hauna kasoro yoyote ya umbo, na kwamba kiini cha tatizo ni mishipa ya damu iliyotanuka nyuma ya jicho.

Madaktari huuita ugonjwa huu klasta, kwa kuwa mashambulio huja kwa makundi: wiki kadhaa au miezi ya mateso ya karibu kila siku, kisha kimya cha miezi au hata miaka. Kwa wachache kimya hicho hakiji kabisa, au kikija hakifikishi miezi mitatu kwa mwaka, nao huhesabiwa kuwa na klasta sugu. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja kati ya 1,000 hupatwa na ugonjwa huu maishani mwake, na waliotambuliwa wengi ni wanaume. Shambulio moja hudumu kati ya dakika 15 na saa tatu, na huweza kurudi hadi mara nane kwa siku.

Anayemwona mgonjwa akiwa katikati ya shambulio hamsahau. Mwenye kipandauso hutafuta chumba chenye giza akajilaza na kuomba watu wasiongee. Wa klasta hawezi kulala. Anaketi, anainuka, anazunguka uani, anajibana jicho kwa kiganja, na wengine hugonga kichwa ukutani. Jicho la upande unaouma limeiva na kububujika machozi. Kope limelegea, mboni imenywea, tundu moja la pua limeziba au linachuruzika, na jasho linamtoka kwenye paji la uso upande huo tu. Nusu ya pili ya uso ni shwari kabisa, kama si ya mtu huyohuyo. Saa moja baadaye yote yamekwisha, na mtu anabaki amechoka, akiogopa saa inayofuata. Katika uchunguzi mmoja mkubwa wa kimataifa uliohoji wagonjwa zaidi ya 1,600, walipoombwa kuyapa alama maumivu waliyowahi kuyapata, wastani wa klasta ulikuwa 9.7 kati ya 10. Uchungu wa kuzaa, kwa waliowahi kuzaa miongoni mwao, ulipata 7.2, na mawe ya figo 6.9.

Jambo linalostaajabisha zaidi ni saa. Wagonjwa wengi huamshwa usingizini muda uleule usiku baada ya usiku, na wapo wanaoweza kukisia kwa karibu kabisa shambulio litaanza lini. Kwa wengine msimu wenyewe hurudi majira yaleyale ya mwaka. Jambo hili halikuhitaji mashine kugunduliwa. Nicolaes Tulp, yule daktari wa Amsterdam aliyechorwa na Rembrandt akifundisha anatomia, aliandika mwaka 1641 kuhusu mtu aliyeshikwa na kichwa kikali mwanzoni mwa kiangazi, kinachokuja na kuondoka kila siku kwa saa maalumu, mara chache kikizidi saa mbili. Maelezo hayo yanatosha kumfanya daktari wa leo aseme mara moja mgonjwa yule alikuwa na nini. Tulp aliuliza saa, akaandika alichojibiwa.

Karne tatu na nusu baadaye bado wapo waganga wengi wasiouliza. Nchini Uholanzi, nchi ya Tulp mwenyewe, utafiti wa mwaka 2003 uliowahusisha wagonjwa 1,163 ulionyesha kwamba nusu yao walikaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuambiwa wanaugua nini. Asilimia 34 walikuwa wamepitia kwa daktari wa meno na asilimia 33 kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 wa wagonjwa 1,134 ulikuta kwamba asilimia 42 walisubiri miaka mitano au zaidi. Katika kundi hilo, asilimia 55 walisema wamewahi kufikiria kujiua. Hizo ni nchi zenye bima za afya, mabingwa wa neva na mashine kila mahali.

Afrika Mashariki danadana hiyo ina vituo vingi zaidi. Kichwa kinauma, basi kwanza ni kipimo cha malaria, halafu taifodi, halafu presha. Jicho linatoa machozi, basi ni miwani. Pua imeziba, basi ni sinasi, na mtu anamaliza dozi moja ya antibaiotiki baada ya nyingine. Maumivu yanashuka hadi kwenye taya la juu, basi jino linang'olewa, na usiku huo saa nane kichwa kinarudi palepale. Na kwa kuwa mashambulio hukoma yenyewe msimu ukiisha, tiba yoyote iliyotolewa wiki ya mwisho hupewa sifa ya kuponya, iwe ya hospitali, ya dukani au ya kwa mganga wa kienyeji. Mwaka unaofuata msimu unarudi, na safari inaanza upya.

Ndiyo maana picha za mwaka 1998 na 1999 zilikuwa na uzito unaozidi maabara. Kwa mtu aliyeambiwa na mkwewe kwamba anadeka, aliyeambiwa na bosi wake kwamba kichwa humuuma kila mtu, na aliyeambiwa na daktari kwamba vipimo vyote viko sawa, zilikuwa ushahidi kwamba kuna mahali ndani ya ubongo ambapo ugonjwa huu unaonekana. Zilieleza pia ile saa. Sehemu inayopanga mzunguko wa usiku na mchana iko ndani ya haipothalamasi, na tafiti za homoni zilikuwa zimeshaonyesha kwamba melatonini, ambayo mwili huimwaga gizani, hupungua kwa wagonjwa walio ndani ya msimu. Mambo yaliyokuwa yametawanyika yakaanza kukaa pamoja.

Lakini picha hizo zilitumiwa pia kwa haraka, na historia hiyo inafaa kuelezwa kwa urefu kwa sababu ina funzo kwa kila hospitali inayonunua mashine mpya. Mjini Milan, madaktari wa Taasisi ya Carlo Besta wakiongozwa na Massimo Leone, Angelo Franzini na Gennaro Bussone waliona mantiki iliyo wazi: kama kiini kinajulikana, kiguswe. Walimchagua mgonjwa ambaye dawa zote zilimshinda, wakamtoboa fuvu na kupitisha waya mwembamba hadi eneo lililoonyeshwa na picha za London, wakalipa umeme mdogo wa kudumu. Mashambulio yalikoma. Taarifa yao ilitoka mwaka 2001 katika The New England Journal of Medicine, na vituo vingine barani Ulaya vikaiga.

Mwaka 2005 ikaja taarifa kutoka Ubelgiji. Mmoja wa wagonjwa wao wachache alivuja damu ubongoni kutokana na upasuaji huo na kufariki. Mwaka 2010 Wafaransa wakafanya jambo ambalo lingefaa kufanywa mapema: waliwawekea waya wagonjwa 11, kisha kwa zamu wakawasha na kuzima umeme, mwezi mmoja kila hali, bila mgonjwa kujua. Katika kipindi hicho cha upofu hapakuwa na tofauti ya maana kati ya kuwashwa na kuzimwa. Baadaye, umeme ulipoachwa umewaka kwa miezi mingi, zaidi ya nusu yao walipata nafuu, lakini hapo kila mtu alikuwa anajua umewashwa. Mwaka huohuo wataalamu wa London walirudi kwenye ramani na kuonyesha kwamba ile nukta iliyokuwa ikilengwa haiko hasa ndani ya haipothalamasi. Iko nyuma yake kidogo, kwenye ubongo wa kati.

Hakuna aliyedanganya katika mkasa huo. Mashine za wakati ule zilikuwa na ukungu wa milimita kadhaa, na kwenye kiungo kidogo namna hii milimita kadhaa ni umbali mkubwa. Tafiti kadhaa zilizofuata, zenye mashine bora na wagonjwa wengi zaidi, zilishindwa kuliona lile ongezeko la mwaka 1999 pale lilipotajwa. Kisha mwaka 2017 kikundi cha Leiden, Uholanzi, kikaipima haipothalamasi sehemu kwa sehemu na kukuta kwamba iliyo kubwa kuliko kawaida ni ya mbele, ambako ndiko iliko saa ya mwili. Hoja ya msingi ya London ikabaki hai, ila mahali pakasogea.

Wakati huohuo mabadiliko yakaanza kuonekana mbali na haipothalamasi. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan waliona upungufu wa sehemu ya kijivu katika maeneo ya mbele ya ubongo yanayosaidia kuzuia maumivu. Mwaka 2014 Steffen Naegel na wenzake wa Essen, Ujerumani, waliwapima wagonjwa 91 na watu 78 wasio na ugonjwa, wakakuta tofauti kwenye pande za ubongo zilizo karibu na masikio, kwenye hipokampasi inayohusika na kumbukumbu, kwenye insula inayopokea hisia za mwili, na kwenye ubongo mdogo wa nyuma. Jambo kubwa katika kazi hiyo lilikuwa kwamba tofauti hizo hazifanani kwa wagonjwa wote. Aliye ndani ya msimu ana picha yake, aliye nje ya msimu ana yake, na mwenye klasta sugu ana yake. Mahali fulani sehemu ya kijivu imeongezeka, pengine imepungua, kulingana na hali ya ugonjwa siku mtu alipolala kwenye mashine.

Hapo ndipo swali la chanzo na matokeo linapokuwa zito. Je, ubongo ulikuwa hivyo tangu awali, ukaleta maumivu? Au miaka ya maumivu ndiyo iliyoubadilisha? Arne May, yuleyule wa mwaka 1998, ameshiriki tafiti mbili nje ya klasta zinazosaidia kulijibu. Ya kwanza, ya mwaka 2004, iliwafundisha vijana kurusha na kudaka mipira mitatu hewani. Baada ya miezi mitatu ya mazoezi, sehemu za ubongo zinazofuatilia vitu vinavyosogea zilikuwa zimeongezeka, na walipoacha mazoezi zikapungua tena. Ya pili, ya mwaka 2009, ilihusu wagonjwa 32 wenye maumivu sugu ya nyonga. Walikuwa na upungufu wa sehemu ya kijivu katika maeneo kadhaa ya ubongo, na kumi kati yao walipofanyiwa upasuaji wa nyonga na maumivu kuondoka, sehemu ya upungufu huo ilirudi katika hali yake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mabadiliko yanayoonekana kwenye gamba la ubongo la mgonjwa wa klasta inaelekea kuwa alama ya maumivu yaliyopita, na alama hizo huweza kufutika. Haipothalamasi ni habari nyingine. Uhusiano wake na saa, na kwamba huwaka wakati wa klasta bila kuwaka vivyo hivyo katika baadhi ya maumivu mengine ya uso, vinaiweka karibu zaidi na chanzo. Jeni nazo zina mchango: utafiti wa kimataifa wa mwaka 2023 uliokusanya wagonjwa 4,777 ulitambua maeneo manane ya vinasaba yanayoongeza uwezekano wa kupata klasta, na ukaimarisha hoja kwamba uvutaji wa sigara unachangia. Wagonjwa hao walikuwa Wazungu pamoja na kundi moja la Asia Mashariki. Hapakuwa na kundi la Waafrika.

Msomaji mwenye kichwa kinachomsumbua anaweza kufika hapa akajiambia kwamba atafute pesa akapige MRI ili aone kama haipothalamasi yake imeongezeka. Asifanye hivyo kwa sababu hiyo. Tofauti zote zilizotajwa ni za wastani wa kundi. Ukichukua picha ya mgonjwa mmoja na ya jirani yake mzima ukaziweka mezani, hakuna bingwa duniani atakayekuambia kwa kutazama tu ni yupi mwenye klasta. MRI ina kazi yake halali kwa mgonjwa huyu, nayo ni kuhakikisha hakuna kitu kingine kinachojifanya klasta, kama uvimbe kwenye tezi ya pituitari au tatizo la mshipa mkubwa wa damu. Ikirudi safi, maana yake si kwamba mtu hana ugonjwa. Daktari anayemwambia mgonjwa wa klasta kwamba picha iko sawa na kwa hiyo aende nyumbani akapumzike amemwacha palepale alipokuwa kabla ya mwaka 1998.

Klasta hutambuliwa kwa mdomo na masikio. Upande gani? Kila shambulio huchukua muda gani? Huja saa ngapi? Jicho hutoa machozi? Unapoumwa unalala au unatembea? Maswali haya humalizika kabla ya foleni kusogea, hayahitaji umeme, na mganga wa zahanati anaweza kuyauliza kama anavyoyauliza profesa. Yapo na ya tahadhari: kichwa kilicholipuka ghafla kwa ukali usiowahi kutokea, kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, au chenye udhaifu wa mkono, mguu au mdomo, ni dharura ya aina nyingine na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Na tiba? Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lote hili. Wakati Ulaya ikitoboa mafuvu, tiba bora ya kukata shambulio ilikuwa tayari inajulikana, na ni hewa. Bayard Horton wa Mayo Clinic, aliyeueleza ugonjwa huu kwa kina mwaka 1939, aliwahi kuitumia oksijeni, na Lee Kudrow aliithibitisha upya mwaka 1981. Mwaka 2009 Anna Cohen, Brian Burns na Goadsby walichapisha katika jarida la JAMA jaribio lililotenganisha oksijeni na hewa ya kawaida bila mgonjwa kujua anavuta ipi. Walitoa lita 12 kwa dakika, kwa dakika 15. Katika asilimia 78 ya mashambulio yaliyotibiwa kwa oksijeni maumivu yalikuwa yamekwisha au yamepungua vya kutosha ndani ya muda huo. Kwa hewa ya kawaida ilikuwa asilimia 20.

Utekelezaji wake una masharti, na masharti hayo ndiyo huvurugwa. Mirija midogo ya puani haitoshi. Inatakiwa barakoa yenye mfuko wa akiba na vali inayozuia mgonjwa asivute tena pumzi aliyoitoa, nayo ikae usoni bila kuachia nafasi. Mgonjwa aketi, avute oksijeni halisi, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa dakika 15 hadi 20, na aanze mapema maumivu yanapoanza tu. Zile mashine ndogo za wodini zinazochuja oksijeni kutoka hewani hutoa lita 5 au 10 kwa dakika, hivyo mtungi au bomba la ukutani ndilo linalofaa. Asiwepo mtu anayevuta sigara wala jiko linalowaka karibu. Anayepewa lita mbili kwa mrija wa pua kisha kuandikwa kwenye jalada kwamba oksijeni haikumsaidia, hakupewa tiba yenyewe.

Sindano ya sumatriptani ya miligramu 6 chini ya ngozi hufanya kazi kwa kasi hiyohiyo, ingawa haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo, na huku kwetu ni adimu na ya bei. Kidonge chake kipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini kidonge huchelewa, na mara nyingi shambulio huwa limekwisha kabla hakijaanza kazi. Parasetamo na dawa kali za jamii ya morfini si jibu. Ili kupunguza idadi ya mashambulio msimu mzima, dawa inayotangulia ni verapamili, ya siku nyingi na ya bei nafuu, inayotumika pia kwa moyo na presha. Kwa kipimo kikubwa kinachohitajika kwa klasta, lazima moyo upimwe kwa ECG kila dozi inapopandishwa. Prednisoloni kwa muda mfupi husaidia wakati verapamili ikisubiriwa ishike. Hakuna hata kimoja cha kushangaza katika orodha hii. Oksijeni, verapamili na prednisoloni vipo tayari kwenye orodha hiyohiyo ya dawa muhimu.

Wapo watakaosema kwamba klasta ni adimu Afrika na kwamba malaria, presha na ajali za bodaboda zina haki ya kutangulia. Ni kweli kwamba tafiti chache za vijijini, kama ule wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1995, zilikuta wagonjwa wachache mno. Lakini ugonjwa unaokuja kwa misimu, unaopotezwa kwenye majina ya sinasi na jino, hauwezi kuhesabiwa vizuri kwa kupita mara moja nyumbani kwa mtu. Na hata wakiwa nusu tu ya makadirio ya Ulaya, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 60 kama Tanzania hao ni makumi ya maelfu. Wala hakuna anayeomba malaria iachwe. Kinachoombwa ni matumizi mengine ya kitu ambacho kimeshanunuliwa.

Maana oksijeni sasa ipo. Korona ilipoingia mwaka 2020 upungufu wake ulianikwa hadharani, na katika miaka iliyofuata Tanzania, Kenya na Uganda zilifunga mitambo ya kuzalisha oksijeni katika hospitali nyingi za rufaa. Mitambo hiyo ilijengwa kwa ajili ya mapafu, na hakuna sababu ya msingi kwa nini mgonjwa wa klasta asivute kwa dakika 15 akarudi zake nyumbani. Mara nyingi kinachokosekana ni barakoa sahihi na mtu wa zamu anayejua kwamba huyu jamaa anayezunguka benchi la mapokezi akiwa ameshika jicho hajalewa wala hajachanganyikiwa.

Utafiti wa picha uendelee, na uendelee ukiwa na wagonjwa wa Kiafrika ndani yake. Vyuo vya Muhimbili, Nairobi na Makerere vina mabingwa wa neva wanaoweza kuuongoza. Familia nazo zisimwache peke yake mtu anayesema hawezi kuuvumilia usiku mwingine. Zimsindikize hospitali, zimwandikie saa za mashambulio kwenye daftari na kulipeleka kwa daktari, kwa kuwa daftari hilo lina thamani kuliko picha yoyote.

Waganga wakuu wa mikoa ya Tanzania na wakurugenzi wa afya wa kaunti za Kenya hawana haja ya kusubiri utafiti mwingine wala bajeti mpya. Kila idara ya dharura iwe na barakoa yenye mfuko wa akiba, na karatasi moja ibandikwe ukutani: kichwa cha upande mmoja, jicho linatoa machozi, mgonjwa hatulii, mpe oksijeni lita 12 hadi 15 kwa dakika, dakika 15 hadi 20. Agizo hilo litolewe mwezi huu.